Uso Wangu Nusura Uharibu Posa ya Aline

Aline ananiambia mnaniogopa. Ati nikionja mnanitazama usoni, hamwoni kitu, kisha mnajificha nyuma ya matangi na kuulizana, "Bibi amekasirika?" Jamani, nilicheka peke yangu jikoni. Sijakasirika, wanangu. Huo ndio uso wangu. Niliutengeneza kazini kwa taabu, na leo nataka kuwaeleza ulivyotengenezwa na siku uliyokaribia kumvunjia posa huyu bosi wenu. Humo humo mtapata jibu la swali lenu la kila Ijumaa, la kwa nini basi la Nyagatare linatuletea kidumu cha maziwa mahali panapopikwa bia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mmoja wenu katoka Goma, mwingine Mbarara, yule mrefu ni wa Mwanza, na huyu wa Nyamirambo anajua lugha zote ila hakuna hata moja anayoimaliza. Mimi nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, kabla wazazi hawajaturudisha Rwanda. Kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kimenyooka msishangae. Kinyarwanda changu ndicho walichokicheka nilipofika.

Nimeandika badala ya kusema kwa sababu nikisema mnatazama simu. Haya, sasa nipo ndani ya simu.

Mimi Dafroza nilikuwa mwonjaji katika kiwanda kikubwa cha bia hadi nilipostaafu. Nikimwambia mtu hivyo anaruka: "Kumbe ulilipwa kunywa! Niombee na mimi hiyo kazi." Nimeambiwa hivyo harusini, msibani, hata na padri. Hakuna anayeuliza bei yake. Mwonjaji hapaki manukato. Anaoga kwa sabuni isiyo na harufu, anasahau kitunguu kibichi mpaka jioni, pilipili ndiyo kabisa. Boniface, marehemu mume wangu, aliniletea chupa ya manukato kutoka Kampala tulipooana. Ilikaa kabatini ikageuka rangi. Alikuwa akisema ameoa mwanamke asiye na harufu wala sura, na bado anampenda, sijui tatizo lilikuwa langu au lake.

Aliyenifundisha ni Mzee Anaclet, mtu wa Bukavu, mfupi, suruali imepanda mpaka kifuani, Kiswahili chake kimejaa Kifaransa. Siku ya kwanza aliniwekea glasi mbele, nikanywa, nikatabasamu. Ilikuwa bia nzuri, nifanyeje? Akatazama waonjaji wenzangu mezani. Wote walikuwa wamenitazama, na wote wakaipa bia ile alama za juu. Akaja kwangu polepole.

"Ma fille, binti yangu," akasema, "umeonja wewe peke yako, ama umewaonjea na hawa wote?"

Sikuelewa. Akanigeuza kiti. Mwezi ule wote nilionja nikiwa nimetazama ukuta. Kila nilipotaka kukunja uso kwa uchungu au kuchekelea kwa utamu, alikuwa akisema nyuma yangu, "Ukuta unacheka? Hapana. Basi na wewe usicheke." Mwenzako akiona uso wako, kinywa chake kinakufuata, hiyo ndiyo hatari. Kabla bia haijafika kooni kwake ameshaamua. Siku ananirudisha mezani, uso ulikuwa umeshakauka. Mkiona Bibi hatingishiki, mjue anakaa vile Mzee Anaclet alivyomwacha.

Kuhusu manukato, msidhani nawatisha bure. Tulikuwa na mwenzetu, Fidèle, kijana mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Asubuhi moja alikuja amejipaka kitu kidevuni, kwa sababu mchana alikuwa na miadi na msichana wa mapokezi. Tukaonja. Wote tukaandika kwamba bia ina limau. Mhandisi akapagawa. Wakafungua matangi, wakakagua mabomba, wakauliza nani ameleta matunda. Fidèle naye, maskini, aliandika limau kubwa kuliko sisi wote, maana ilikuwa chini ya pua yake. Mzee Anaclet alizunguka meza, akainama shingoni kwa Fidèle, akanusa, akasema, "Nimeipata tangi yenyewe." Yule msichana wa mapokezi hakumtaka, kwa taarifa yenu.

Mnauliza kila mara, "Bibi, tunatafuta nini humo ndani?" Mnatafuta kasoro. Bia iliyopigwa na hewa inanuka karatasi iliyolowa. Iliyotolewa mapema kabla hamira haijamaliza kazi inanuka siagi. Ukisikia mahindi ya kuchemsha, uliharakisha kuchemsha au ulifunika sufuria. Ukisikia tofaa bichi, rudi ulale, bia haijaiva. Hayo mtayazoea. Kazi yetu haikuwa na mahali pa kuandika "tamu." Bia isiyo na kasoro ilipita bila neno. Nilifanya kazi ile miaka nenda miaka rudi bila kuiambia bia yoyote kwamba ni nzuri. Na mtu akizoea hivyo kazini, anarudi navyo nyumbani.

Sasa tuje kwa Aline.

Aline ni binti wa kaka yangu Tharcisse, kwa hiyo mimi ni shangazi yake, masenge, na mnajua kwetu shangazi ana neno katika ndoa. Alisomea mambo ya vyakula, akaajiriwa, akaacha, akakodi kibanda hiki cha Kicukiro kilichokuwa gereji. Matangi haya mnayoyasugua mkilalamika aliyachomelesha pale Agakiriro, kwenye karakana za mafundi, chini ya kwangu. Mafundi walidhani anatengeneza matangi ya maji. Alipowaambia ni ya bia walifanya kazi kwa moyo ajabu, na mpaka leo wanaulizia matangi yao.

Bia aliyoitaka zaidi ni hii nyeusi, stauti ya maziwa yenye vanila. Aliniletea chupa ya kwanza nyumbani kwangu Gisozi, akaketi ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti, kama amekuja kusikiliza matokeo ya mtihani. Nikaonja.

"Inanuka mafuta ya kupaka mtoto mchanga," nikamwambia.

Alikuwa ameweka vanila nyingi mno. Vanila ni kitu cha pua, wanangu, ulimi hauijui. Ukiizidisha haileti utamu zaidi, inaleta chumba cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akarudi. Akajifunza kupasua ganda katikati, kukwangua zile mbegu nyeusi, kuloweka vyote kwenye waragi, kisha kumimina kidogo kidogo kwenye tangi mwishoni kabisa, bia ikiwa imepoa. Mnavyofanya leo. Akaleta ya pili. Nikamwambia haina mwili, inapita mdomoni kama maji ya chai. Akaongeza sukari ya maziwa. Akaleta nyingine, ya baridi kutoka kwenye friji mpaka chupa inatoa jasho. Nikamwambia amemzika vanila akiwa hai, baridi inafunga harufu, aiache ipate joto la mkono. Akaleta nyingine tena. Ile nilionja nikakaa kimya.

"Shangazi?"

"Endelea," nikasema.

"Endelea na nini?"

"Endelea tu kuipika hivyo."

Akainua begi lake. Mlangoni akageuka. "Hujawahi kuniambia hata siku moja kwamba ni nzuri."

"Hii sijakuambia ni mbaya," nikamjibu, na niliona nimemsifu sana.

Wakati huo Eric alikuwa ameshaingia katika maisha yake. Mnamjua Eric, yule anayekuja Jumamosi na kubeba makreti bila kuombwa. Mtoto mwema, ila mbele ya wakubwa anapoteza sauti. Baba yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mkubwa, Mzee Karangwa, mfugaji wa Nyagatare, aliyekulia Uganda na kurudi na ng'ombe wake. Mzee Karangwa hakuwa na neno baya juu ya Aline. Alisema ni msichana mzuri, mpole, msomi. Halafu akaongeza kwamba akishaolewa, hayo mambo ya bia ataacha. Hakuuliza. Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho ni Jumatatu.

Aline akanipigia simu. "Shangazi, Eric anasema tusubiri, mzee atabadilika. Mimi sitaki kusubiri. Nataka siku ya posa wanywe bia yangu. Wote, mbele ya wote. Wakiinywa, hawatakuwa na mdomo wa kuniambia niache."

"Na wakiikataa?"

"Basi nitakuwa nimejua ninakokwenda, na nitaamua kama nakwenda."

Mngesikia sauti ile msingetania. Mimi pia sikutania.

Siku ya posa, gusaba, mmeziona. Hema mbili zinatazamana, familia ya binti upande huu, ya kijana upande ule, na katikati wasemaji wawili wanarushiana maneno matamu yenye miba. Wa kwao anaomba, wa kwetu anajifanya hajui binti gani. Watu wanacheka, mashangazi wanapepea. Yote hayo kwa Kinyarwanda cha ndani kabisa, mimi nawapa kwa Kiswahili, na msemaji wetu akisoma haya atasema nimemharibia.

Kisha vinywaji. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni akimwona. Zamani ilikuwa kumhakikishia mgeni kwamba hamna sumu. Leo ni heshima, lakini hakuna anayeiruka. Aliyestahili kuonja ni kaka yangu Tharcisse, ila sukari yake ilipanda na daktari akamkataza pombe. Wakaangaliana wazee wetu. Mmoja akasema, "Kwani Dafroza hayupo?" Wakashangilia wenyewe kwa akili yao. Mwonjaji wa kiwanda kizima tunaye humu humu, wakasema, tumpe!

Nikapewa glasi. Wanangu, nilisahau niko wapi. Mkono ulipogusa glasi, mwili ulienda kazini wenyewe. Nikaishika kwa viganja viwili ipate joto, maana vijana walikuwa wameizika kwenye barafu. Nikaiinua dhidi ya mwanga, nikaona ule wekundu unaojificha pembeni mwa weusi. Nikanusa. Nikanywa kidogo, nikaizungusha, nikameza, nikatulia. Macho nimeyakaza kwenye nguzo ya hema.

Ngoja niwaambie kilichokuwa mdomoni. Kwanza kahawa na mkate uliobanikwa ukakaribia kuungua. Halafu uzito laini wa ile sukari ya maziwa, unaupaka ulimi. Nikadhani imekwisha. Ndipo vanila ikaja, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kabla ya kuingia. Nikatafuta kasoro. Nikatafuta karatasi, siagi, mahindi. Nikarudi tena nikatafuta. Hamna. Nawaambia kweli, nilitaka kuruka.

Na uso je? Ukuta.

Ndipo nikaona mashangazi wameacha kupepea. Kaka yangu alikuwa amefumba macho. Nikamtazama Aline, aliyekuwa ameshatolewa nje na wasichana wenzake, amevaa mshanana, vazi letu la sherehe, wa rangi ya dhahabu, amekaza macho usoni kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Mzee Karangwa akasimama bila kumngoja msemaji wake. Ni mrefu yule, na akisimama na fimbo yake anazidi kuwa mrefu.

"Wenzetu," akasema, "sisi tumetoka Nyagatare alfajiri. Shangazi wa binti ameonja, na wote tumeuona uso wake. Mimi nimewahi kuwanywesha ndama dawa ya minyoo wakanitazama kwa furaha kuliko hivi."

Hema yao ikaangua kicheko. Na yetu pia, wasaliti.

"Halafu," akaendelea, "nasikia humu mmetia maziwa. Maziwa! Kwetu maziwa yana chombo chake na heshima yake. Hayaguswi na pombe. Ng'ombe anaamka asubuhi anatoa maziwa yake kwa roho safi, mtu anayachukua anayazamisha kwenye bia! Tumemkosea nini?" Watu wakacheka tena, lakini yeye alikuwa ameacha kucheka. "Binti ni mzuri. Akija kwetu tutamfundisha kukamua, na hii kazi nyingine ataisahau."

Msemaji wetu, aliyesema saa nzima juu ya uzuri wa swala na mbalamwezi, akaanza kugongagonga kipaza sauti. Eric anatazama viatu. Aline ananitazama mimi.

Shangazi hana ruhusa ya kusema pale. Nilisimama. Na huu mguu wangu mbovu mnaoujua.

"Mzee," nikasema, "naomba radhi kwa uso wangu. Nililipwa mshahara kukaa nao. Marehemu mume wangu alinioa na uso huu huu, na siku ya harusi padri alimuuliza mara mbili kama bibi arusi amekubali."

Wakacheka. Nikapata pumzi.

"Juu ya maziwa, umesema kweli, yana heshima yake. Humu hamna maziwa. Mna sukari yake tu. Na sikia, mzee. Bia inapikwa na hamira, na hamira ni mlafi, anakula kila sukari anayoikuta. Ya shayiri anakula, ya miwa anakula, ya asali anakula. Akifika kwenye sukari ya maziwa, anasimama. Haigusi. Anaiacha nzima mpaka mwisho, ndiyo maana bia hii ina ule ulaini. Kwa hiyo hata hamira wetu wa Kicukiro amelelewa vizuri, anajua maziwa hayachezewi."

Nilisikia mabibi wa upande wao wakipiga makofi mapajani. Mzee Karangwa hakutabasamu. Akaegemea fimbo.

"Umesema vizuri," akasema. "Lakini sijauliza hamira. Nimekuuliza wewe. Ni nzuri, au si nzuri?"

Mtaona ni swali jepesi. Mimi lile neno lilinikwama. Nilikuwa sijawahi kulitumia, na ulimi ulikuwa haujui pa kuliweka. Akilini nikamwona Aline amekaa ukingoni mwa kochi langu, mikono katikati ya magoti, kila mara, kila chupa. Nilimnyima mtoto yule kitu kidogo sana, na sikuwa hata na sababu.

"Ni nzuri," nikasema. "Sijawahi kuonja bia nzuri kuliko hii, na nimeonja nyingi mpaka ini linanilaani. Aliyeipika ni mtoto wetu. Atakayemwachisha kazi hii ataniachisha kwanza mimi kupumua." Nikanyoosha glasi kwa yule kijana mwenye chupa. "Ongeza. Mwonjaji haongezwi glasi, ni sheria ya kazi. Leo nimestaafu, niongeze."

Aline alilia pale pale, poda yote ikaharibika, na yule mpambaji alinitazama kwa chuki siku nzima.

Wakawagawia wageni. Mzee Karangwa akagusa glasi yake, akairudisha mezani. "Hii iko baridi. Mimi sinywi baridi. Hamna ya moto?"

Mnaowacheka wazee wanaoagiza bia ya moto kwenye baa, sikilizeni hapa. Aline alinitupia jicho kwanza mimi, kisha akamwendea mwenyewe, akapiga goti.

"Mzee, yote tuliitia kwenye barafu, tumekosea. Lakini ukiishika kwa mikono miwili hivi, itakuja yenyewe."

Mtu wa ng'ombe hujifunza tangu utotoni kwamba maziwa hupokelewa kwa mikono miwili. Akaipokea glasi vile vile, akaituliza kifuani, akangoja. Na kwa kuwa hakuna wa kwao angeweza kunywa kabla yake, safu nzima ya wageni waheshimiwa, makoti na tai, ikakaa imekumbatia glasi na kungoja. Nilitamani simu zenu siku ile.

Akanywa.

Nami nikamtazama usoni. Hamna kitu! Kumbe na wafugaji wana shule yao. Mnadani hawaonyeshi kwamba wamempenda ng'ombe, wasije wakapandishiwa. Alikaa pale na uso kama wangu, anameza, anatazama nguzo ya hema. Nilikufa. Nilitaka kumtikisa mabega. Nikamkumbuka Boniface na kila sahani aliyonipikia akangoja, na Aline na kila chupa, nikasema, Dafroza, ndivyo ulivyowafanyia watu.

Mzee Karangwa hakusema nzuri wala mbaya. Wakaendelea na sherehe, wakaomba, tukakubali binti, vicheko, nyimbo.

Mzee Anaclet alinifundisha jambo moja la mwisho, nami nawaachia nyinyi. Alisema midomo ya watu inadanganya kwa adabu, wewe tazama glasi. Bia nyeusi ya povu zito inaacha pete kwenye kioo kila mnywaji anapopumzika. Aliyekunywa kwa heshima tu ana pete moja juu, na bia imelala chini yake. Nikajifanya naenda kuwasalimu mashangazi wa upande wao, nikapita nyuma ya kiti cha Mzee Karangwa. Glasi ilikuwa tupu. Pete zilikuwa zimeshuka mpaka chini kabisa, moja baada ya nyingine, zimepangana vizuri. Nikarudi kukaa na sikumwambia mtu.

Ikafika zamu ya kukabidhi mahari. Wakataja ng'ombe, kila mmoja na sifa zake, kama ilivyo desturi. Walipomaliza, Mzee Karangwa akasimama tena.

"Kuna mmoja zaidi," akasema. "Hayumo katika mahari. Ni bihogo, yaani mwekundu aliyekaribia weusi, rangi ya kile kinywaji chao ukikishika juani. Anatoa maziwa vizuri. Huyo atabaki kwangu, mjini hamna majani. Lakini maziwa yake ni ya kazi ya binti. Nitakuwa naleta kwa basi. Kama ni lazima kutoa sukari katika maziwa, basi itoke katika maziwa ninayoyajua."

Vigelegele vilipasua hema. Aline alijifunika uso kwa mikono, na Eric, kwa mara ya kwanza, alipata sauti, akapiga ukelele mpaka mama yake akamvuta koti.

Nami nikafungua mdomo. Tabia ya kazi, nimeona kasoro. Nilitaka kumwambia mzee kwamba sukari ile haikamuliwi hapa, tunainunua ikiwa unga mweupe mkavu, kwenye mfuko, ule ule mnaoubeba begani. Aline aliondoa mikono usoni akanitazama. Hakusema neno, alinitazama tu.

Nikafunga mdomo. Uso ukawa ukuta, na sijawahi kuushukuru kama siku ile.

Hiyo ndiyo habari ya kidumu cha Ijumaa, wanangu. Hayo ndiyo maziwa mnayoyatia kwenye chai ya saa nne na kugombania utando. Yule bihogo bado yuko hai, mzee anamwita Vanila, na kila anapokuja Kigali anapita hapa, anaketi kwenye kile kiti cha plastiki, anaomba ya moto, anaishika kwa mikono miwili. Akimaliza anauliza, "Na maziwa yangu, yamo?" Aline anamjibu, "Mzee, bila hayo tusingefanya kazi," na hasemi uongo.

Mara nyingine namtazama nikadhani anajua. Ameshapita karibu na ile mifuko ya unga, na kusoma anajua. Lakini uso wake hautoi kitu, na wangu haumpi kitu, tunakaa hivyo tukinywa, wazee wawili wa ukuta.

Jumamosi hii anakuja. Safari hii Aline hatakuwepo, amejifungua juzi, na mzee atawauliza nyinyi kama maziwa yake yamo. Kwa hiyo acheni glasi chini, wekeni simu mfukoni, simameni kwa mstari mbele ya tangi.

Haya, nionyesheni nyuso zenu.